Idara ya Nge

Ipo nchi moja ambayo ukipotea njia usimuulize mtu. Atakusindikiza. Atakubebea mzigo, atakupa maji, atakupiga picha ukiyanywa, na ukifika huko unakokwenda utakuta wengine wanakungoja wakupokee, na kabla hujapata pa kukaa umeshaapishwa. Jina la nchi hiyo halina haja ya kutajwa. Wenyewe wanaijua, na majirani zao wanaijua zaidi.

Katika nchi hiyo huruma ilikuwa ya hiari. Sheria ilisema hivyo waziwazi: kila raia atakuwa na huruma kwa hiari yake, na asiye nayo kwa hiari atapelekwa mahali ambapo hiari yake itatafutwa mpaka ipatikane. Chama cha kuisimamia hiari hiyo kiliitwa Mkono Wazi, na mlezi wake alikuwa Mkuu wa Nchi mwenyewe, ambaye watu walitakiwa kumwita Baba Mkunjufu, hata siku alizonuna.

Mkono Wazi walikuwa na kazi nyingi. Waligawa mablanketi, waliwaamsha wagonjwa hospitalini ili wawape pole, waliwapepea watu waliopanga foleni kwenye bomba lililokauka. Lakini kazi kubwa kuliko zote ilikuwa kuwavuta watu wengine waingie Mkono Wazi, ili nao wavute wengine. Waliofanya kazi hiyo waliitwa wavutaji. Hodari wao alikuwa Kibwana, mtu wa makamo, mfupi, shingo nene, aliyekuwa hamali wa sokoni kabla huruma haijamwajiri.

"Wewe nawe mvutaji, unavuta nini?" walimtania wavuta sigara wa kijiweni.

"Nawavuta nyinyi," alijibu. "Na mnakohoza kuliko hizo zenu."

Uhodari wa Kibwana ulikuwa benchi. Wavutaji wengine walisimama juu ya mapipa wakahutubia. Yeye alikuwa na benchi refu la mninga. Alilishika ncha moja akaiegemeza kifuani, ncha ya pili ikiburuzika barabarani, kwaruu, kwaruu, naye anatweta na kwenda. Haombi, hasemi. Wapo waliomcheka na wapo waliompisha. Lakini hakukosa kutokea mmoja ambaye roho yake haikustahimili, akaja nyuma akainyanyua ile ncha ya pili. Hapo ndipo Kibwana aliposema, bila kugeuka, "Nishikie hapo hapo, ndugu yangu. Si mbali."

Si mbali ilikuwa ofisi ya Mkono Wazi. Mtu akitua benchi, karani ameshamshika mkono wa kulia ameuinua juu, kiapo kinasomwa. Wengi waliapa huku wanatafuta pa kupangusia jasho.

Benchi lenyewe lilikuwa na kasoro. Seremala alipima vibaya akaipigilia miguu karibu na katikati. Ukikaa peke yako kwenye ncha, ncha ya pili inapaa na wewe unakwenda chini. Lilikuwa benchi la watu wawili, au lisikaliwe kabisa. Kibwana alikataza lisirekebishwe. Alisema hilo ndilo mwanachama wa kweli wa Mkono Wazi, maana halimpokei mtu aliye peke yake.

*

Kondo alilishika benchi kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa na gurudumu la baiskeli. Alikuwa fundi kwenye mstari wa mafundi baiskeli karibu na kiwanda cha chumvi, kijana mrefu mwenye grisi kwenye kucha, hajaoa, anaishi na mama yake.

"Mzee, hili si la mtu mmoja," alisema.

"Ndiyo maana umekuja."

"Sijaja mimi. Napeleka gurudumu."

"Nishikie hapo hapo. Si mbali."

"Si mbali kwako wewe unayejua unakokwenda."

Lakini alishika. Walipofika kwenye mtaro Kibwana aliteleza, ncha yake ikamponyoka, na uzito wote ukamwendea Kondo, ukambana vidole kwenye ukuta. Kondo alikunja uso tu. Hakuachia.

"Kwa nini hukuachia, kijana?"

"Ningeachia lingekuangukia wewe."

Kibwana alimtazama vidole vilivyochubuka akafurahi, kama mvuvi wa mtoni anavyofurahia kamongo. Mtu wa namna hiyo hupatikana kwa nadra. Walipotua benchi, Kondo aliapishwa akiwa bado na gurudumu begani.

Wakati wa mvua kubwa, mto uliopita katikati ya mtaa wa Bondeni ulipanda ukaingia majumbani. Baba Mkunjufu akataka kuvuka akawape pole waliofurikiwa. Daraja lilikuwepo. Lilikuwa limezinduliwa kwa utepe na bendi, na lina jina lake. Ila lilikuwa halijajengwa. Basi wanachama wa Mkono Wazi wakaamriwa kuingia mtoni na mabenchi mabegani, wajipange bega kwa bega, ili Baba Mkunjufu apite juu. Benchi la Kibwana liliwekwa kwenye mkondo. Kibwana alikaa upande wa ukingo, Kondo upande wa kina, kwa kuwa ndiye mrefu.

Baba Mkunjufu alipofika katikati aliyapenda mandhari. Akasimama. Akatoa karatasi mfukoni akaanza kuhutubia juu ya uthabiti. Maji yalikuwa kiunoni. Alipofika kwenye historia ya uthabiti, yalikuwa kifuani. Walinzi walipoona povu jekundu linashuka kutoka juu ya mto wakambeba Baba Mkunjufu juujuu mpaka ng'ambo, bendi ikapiga, na wanachama wote wakatupa mabenchi wakaogelea. Kibwana naye aliachia. Aligeuka akapiga kelele, "Kondo, achia! Achia!" Lakini bendi ilikuwa kwenye ubeti wa matarumbeta. Kondo aliona midomo tu inacheza, akaitika kwa kichwa, akalikaza benchi.

Benchi lilipatikana limekwama kwenye matete. Kondo hakupatikana. Magazeti yaliandika kwamba Baba Mkunjufu amevuka.

*

Mwaka huo huo alirudi kutoka masomoni Daktari Kidawa Mshindo, mwanamke mrefu mwenye miwani iliyoning'inia kwa mnyororo. Alirudi na swali moja, na swali hilo liliwakosesha mawaziri hamu ya chai.

"Waheshimiwa," alisema mbele ya baraza, "mnajisifu mmevuta watu wengi. Je, wangapi kati yao wangekuja hata hivyo?"

Waziri wa Huruma aliuliza swali hilo limeruhusiwa na nani.

"Mtu ana huruma tangu tumboni mwa mama yake," Daktari aliendelea. "Nyinyi mmemvisha fulana. Mmefanya nini? Mmepoteza fulana. Athari halisi ya mvutaji si watu waliokuja. Ni watu waliokuja ambao wasingekuja. Kinachobaki ni kelele."

Baba Mkunjufu alilipenda neno hilo, "wasingekuja". Alilirudia polepole kama anayeonja halua. Siku hiyo hiyo ikaundwa Idara ya Kupima Yale Ambayo Yangetokea Kama Yaliyotokea Yasingetokea. Jina lilikataa kuenea kwenye kibao, likafupishwa, ikawa Idara ya Nge, kwa kuwa kazi yote ya idara ilikuwa ndani ya silabi hiyo: angekuja, asingekuja. Mchora vibao hakuna aliyemweleza habari za silabi. Alichora alichoambiwa. Nge mkubwa mweusi, mkia juu, mwiba umechongoka.

Pazia lilipovutwa siku ya uzinduzi, umati ulirudi nyuma. Lakini Baba Mkunjufu hakuwa na desturi ya kukosea.

"Naam," alisema. "Nge. Mdudu mnyenyekevu, anayebeba watoto wake mgongoni. Hivyo ndivyo Serikali inavyowabeba."

Habari za mkia hakuzigusa. Kuanzia hapo watumishi wa idara walivaa nge wa shaba kifuani, na mtu akiitwa kuhojiwa majirani walisema, "Fulani kaumwa."

Chumba cha mahojiano kilikuwa na viti viwili. Kimoja alikalia mtu aliyevutwa. Cha pili kiliachwa wazi. Hicho kilikuwa cha mwenzake wa nge, yaani yeye huyo huyo kama asingevutwa. Karani alimuuliza mtu swali, kisha akakigeukia kiti kitupu, akakiuliza swali lile lile kwa adabu, akangoja. Kiti kikinyamaza, ilihesabiwa kimekubali.

"Lakini hapo hapana mtu," alisema mwanamke mmoja muuza mihogo.

"Ndiyo maana hakupingi," karani alimjibu.

Serikali iliwapenda wenza wa nge. Hawakuomba maji. Hawakupanga foleni hospitalini. Wakapewa uraia, na siku ya uchaguzi walimpigia kura Baba Mkunjufu, hakukosa hata mmoja.

Jambo ambalo halikupangwa ni wao kuanza kuonekana.

Haikuwa usiku, wala makaburini. Ilikuwa mchana kweupe, madukani. Mwalimu mmoja alikutana na mwenzake wa nge kwenye duka la vitambaa, yule ambaye hakuacha kuchora picha, vidole vimejaa rangi. Yule mwingine alipita bila kumsalimu. Muuza mihogo alimwona wake akishuka ngazi za benki kwa viatu vya ngozi, akicheka na mtu. Hawakutisha. Hawakufanya lolote. Walipita tu na maisha yao, kama mtu anavyopita na sahani ya chakula ambacho hukupewa. Wala hakuna aliyesema, kwa sababu kumwona nge wako ni kukiri kwamba kweli kuna mahali maisha yako yalipindishwa na mtu. Watu wakazoea kutembea wakitazama chini. Nchi nzima ikawa na ukimya wa nyumba yenye mgonjwa.

*

Mama yake Kondo aliitwa Bi Sikudhani. Jina hilo alipewa siku aliyozaliwa, kwa mambo ya wazazi wake, lakini sasa kila alipolitaja mbele ya karani, karani aliona kama anajibiwa.

Alikuwa anataka kitu kimoja: kutandika mkeka amlilie mwanawe. Sheria ilikataza. Kifo kilichotokea katika huduma ya Mkono Wazi hakikuruhusiwa kuwekewa matanga mpaka athari yake ipimwe, kwa sababu kilio kingeweza kuvuruga vipimo.

"Mama, mwanao keshakufa," walimwambia pale Idara ya Nge. "Hilo limepita. Sisi hapa ni nge. Yaliyopita ni ngali: angalikuja, angalikufa. Nenda Kitengo cha Ngali, ng'ambo ya ua."

Kitengo cha Ngali kiliendeshwa na walimu wastaafu wa sarufi, watu wenye hasira na suruali zilizopigwa pasi.

"Mwili umeonekana?" walimuuliza.

"Haujaonekana."

"Basi nani kasema limepita? Rudi nge."

Aliuvuka ule ua, akauvuka tena, mpaka majani yaliyokuwa kwenye njia yake yakafa. Mtunza bustani akaandika kwamba mama huyu ana athari kwa nyasi. Mwishowe aliacha kwenda kwa makarani, akamfuata Kibwana nyumbani kwake.

Alimkuta uani anaosha benchi. Siku hizi aliliosha sana.

"Wewe ndiye mwenye benchi," alisema.

Kibwana alisimama, maji yakimchuruzika viwikoni. "Ni mimi, mama. Karibu."

"Sikaribii. Nimekuja kukwambia kesi ya mwanangu imepangwa, na shahidi ni wewe. Sitaki fidia. Sitaki fulana. Nataka mtu mmoja asimame mbele za watu aseme Kondo amekufa, na kwamba asingekufa. Nikishalisikia hilo nitakwenda kwangu nilie, niishe."

"Nikisema asingekufa, mama, wataniambia nimemuua mimi."

"Na nani alimwambia nishikie?"

Kibwana akayatazama maji yaliyomwagika.

"Mimi sikulaumu," alisema Bi Sikudhani. "Nauliza tu. Alikuwa anapeleka gurudumu. Mwenye baiskeli mpaka leo anakuja kulidai."

Mama huyo alipoondoka, Kibwana alibeba benchi akatoka, maana kazi ni kazi. Hapo ndipo lilipomtokea tena lile ambalo hakuwa amemwambia mtu. Aliiegemeza ncha kifuani, akaanza kwenda, akangoja ule mlio, kwaruu, kwaruu. Mlio haukuja. Ncha ya pili ilikuwa nyepesi. Ilikuwa imenyanyuliwa. Na kama siku zote tangu mtoni, hakugeuka.

Aligeuka mara moja tu, alipofika karibu na mstari wa mafundi baiskeli, kwa sababu alimwona mbele. Kondo alikuwa anapita na gurudumu begani. Amenenepa kidogo. Shati lina alama ya mkono mdogo wa grisi, mkono wa mtoto. Kibwana aligeuka kutazama nyuma, na nyuma hapakuwa na mtu, ncha ya benchi ikiwa juu hewani. Aligeuka tena mbele, yule aliyenenepa akawa ameingia kwenye uchochoro.

Kibwana akauvuka mtaro ule ule alimoteleza siku ile, benchi bado jepesi.

*

Daktari Mshindo alimwita kabla ya kesi. Vipimo vyake vilikuwa tayari.

"Bwana Kibwana," alisema, "umeipa idara kazi kubwa. Tumewapima watu wako wote. Wote wangekuja hata hivyo. Unaelewa ulichokuwa unafanya? Mtu anayenyanyua benchi la asiyemjua, huyo ana huruma tayari. Benchi lako halivuti, bwana. Linachuja."

"Kwa hiyo sijafanya kitu?"

"Kitu kimoja. Huyu fundi." Alivaa miwani. "Majirani wamesema hakupenda vyama. Hata timu ya mpira ya mtaani alikataa. Angekunyanyulia benchi, angekupa pole, angekwenda zake. Wema alikuwa nao, chama hakuwa nacho. Huyu, bwana Kibwana, asingekuja. Katika nchi nzima, wavutaji wote, ndiye mtu pekee tuliyethibitisha kwamba asingekuja. Wewe ndiye mvutaji wa kweli peke yako."

Alisema hivyo kwa furaha halisi. Kisha akakumbuka.

"Tatizo ni kwamba amezama. Athari yako yote ni mtu mmoja, na mtu mwenyewe ni maiti. Haipendezi mbele ya Baba Mkunjufu. Ndiyo maana tunakuhitaji ukaseme kwamba angekufa hata hivyo. Fundi baiskeli, barabara zetu hizi, malori haya. Angegongwa. Ukisema hivyo tunakitoa kifo kwenye athari, yanabaki mablanketi aliyogawa. Kesho yake unavishwa nishani, Mvutaji Halisi wa Kwanza wa Taifa."

"Na nikisema asingekufa?"

"Kifo kinakuwa chako." Alishusha sauti kama mtu anayemwelekeza mgeni msalani. "Tofauti ni silabi moja, bwana Kibwana. Angekufa. A-si-ngekufa. Kaisemee nyumbani uone ilivyo ndogo."

Kibwana alikuwa ameacha benchi ukumbini nje ya mlango. Daktari Mshindo, aliyemsindikiza kwa heshima, akaketi kwenye ncha yake afunge kamba ya kiatu. Ncha ya pili ikapaa. Daktari akaenda chini na mnyororo wa miwani, miguu juu, na mtungi wa maji ya wageni ukamfuata.

"Hili benchi ni bovu!" alipiga kelele kutoka sakafuni.

"Linataka watu wawili," alisema Kibwana, akamnyooshea mkono.

*

Kesi ilisikilizwa katika ukumbi wenyewe wa Idara, mchana, madirisha wazi. Baba Mkunjufu alikaa juu kwenye kiti chenye mito, nge wa dhahabu kifuani. Bi Sikudhani alikaa mbele, kaniki yake imefungwa vizuri, mikono mapajani. Benchi liliwekwa katikati kama kielelezo. Na mbele ya benchi, kile kiti kitupu.

Karani alikisogelea kiti akainama kidogo.

"Mwenzake marehemu wa nge. Kama usingevutwa, ungekufa?"

Ukumbi ulingoja. Nzi alizunguka.

"Amekubali," alisema karani. "Shahidi Kibwana, thibitisha."

Kibwana alisimama. Alikuwa amejizoeza lile neno fupi, lisilo na silabi ya tatizo, njia nzima tangu nyumbani. Lilikuwa tayari mdomoni. Lakini alikitazama kiti.

Kondo alikuwa amekaa. Si yule wa mtoni. Yule aliyenenepa, gurudumu limelala magotini, anazungusha spoku kwa kidole polepole kusikiliza ipi imelegea. Nywele zilianza kurudi nyuma kwenye paji. Alikuwa na sura ya mtu aliyekula kwao. Hakumtazama Kibwana. Kwa nini amtazame? Huyu hakuwahi kumjua.

"Shahidi, tunangoja."

"Asingekufa," alisema Kibwana.

Karani alishusha kalamu. "Rudia."

"A-si-ngekufa. Angepeleka gurudumu, angerudi kwa mama yake akala. Nilimwambia nishikie, akashika, kwa sababu ndivyo alivyokuwa. Nyinyi mkamwambia simama mtoni, akasimama. Yule pale," akanyoosha mkono juu kwenye mito, "akahutubia. Sisi tukaachia. Yeye hakuachia. Kondo amekufa, na asingekufa. Nimemaliza."

Bi Sikudhani aliinuka. Aliivuta kaniki kichwani, akaweka mkono kwenye shavu, akafungua kinywa.

"Mama, subiri kidogo!" Daktari Mshindo alikuwa amesimama, macho yanang'aa. "Baba Mkunjufu, waheshimiwa, mmesikia? Shahidi amethibitisha mbele yetu kwamba Kondo asingekufa. Sasa mtu ambaye asingekufa ni nini? Ni mtu ambaye angekuwa hai. Katika nge, yu hai! Na wa nge ni raia kamili kwa sheria tuliyopitisha wenyewe. Raia aliye hai hawekewi matanga."

Baba Mkunjufu alifikiri. Ilionekana kwamba anafikiri, maana alifumba jicho moja. Kisha akapiga makofi, na ukumbi ukapiga naye.

"Hatukumpoteza mtu!" alisema. "Wale maadui waliosema nimempoteza mtu mtoni, wako wapi? Tumempata! Na huyu mvutaji, ulimi wake umevuka mpaka, lakini mimi nina huruma, kwa hiari. Sitamfunga. Si anasema huyo kijana wa nge hakuvutwa? Basi bado yuko nje ya Mkono Wazi. Amfuate amvute. Abebe hilo benchi kila siku mpaka huyo Kondo wa nge alishike. Huyo ndiye atakuwa mtu wa kweli, ambaye kweli asingekuja."

Makofi yakaanza upya. Bi Sikudhani alikuwa bado amefungua kinywa. Akakifunga. Kilio kilichorudi ndani kilionekana kwa macho, kikishuka shingoni mwake kama tonge kavu.

*

Basi Kibwana akabeba benchi. Alipita mjini asubuhi, askari wa Idara wakamtazama kwa mbali, kisha wakachoka wakaacha. Wenye maduka ndio waliogundua kwanza kwamba benchi halipigi kelele tena. Lilikuwa linakwenda limenyooka, mtu mmoja mbele, na nyuma yake hewa. Wakaingia ndani wakafunga nusu ya milango. Kijiweni hakuna aliyemtania. Mtu mmoja alizima sigara yake mpaka apite.

Alifika kwenye mstari wa mafundi baiskeli. Pale alipokuwa anakaa Kondo palikuwa na doa jeusi la grisi, na hakuna fundi mwingine aliyepachukua. Kibwana akasimama. Ncha ya nyuma nayo ikasimama, haikutua.

"Achia," alisema, bila kugeuka. "Kondo, hakuna kitakachoniangukia. Achia, kijana."

Benchi halikuongezeka uzito hata kidogo.

Alingoja. Kisha, badala ya kwenda mbele kwenye ofisi ya Mkono Wazi kama alivyozoea, alipinda kushoto, akaingia kwenye uchochoro, akaenda mpaka nyumba yenye mlango wa kijani uliobabuka. Akatua ncha yake kibarazani, taratibu. Ncha ya pili ikatua yenyewe, taratibu vile vile.

Bi Sikudhani alitoka na upawa mkononi. Alikuwa anapika. Alimtazama Kibwana, akalitazama benchi.

"Umeniletea nini?"

"Benchi."

"Wamenikataza kutandika mkeka."

"Benchi si mkeka," alisema Kibwana.

Bi Sikudhani akauweka upawa juu ya kizingiti, akaivuta kaniki yake vizuri, akaketi mwisho kabisa wa benchi, kwenye ncha.

"Mama, usikae hapo, lita..." Kibwana aliruka na mikono mbele amdake.

Halikupaa. Miguu ya benchi ilitulia kwenye sakafu, yote. Kibwana akabaki ameinama, mikono hewani, akiogopa kuangalia ule upande wa pili.

Bi Sikudhani hakuogopa. Aligeuka akatazama huko kwa muda mrefu, kama anavyotazamwa mtu aliyechelewa kurudi kutoka kazini, kuanzia miguuni, mpaka kwenye kucha, mpaka usoni.

"Umekula, baba?" aliuliza.